Jina la Baba na Sekunde Kumi na Moja

Hopkins, Minnesota
Ijumaa, Februari 2006

Baba, shikamoo.

Jina lako nimelipoteza. Nimelipoteza Jumamosi iliyopita, saa nne kasoro dakika nane asubuhi ya huku, sebuleni kwangu, mbele ya mashahidi wanne, kwa risasi moja iliyopigwa na mtu nisiyemjua katika nchi nisiyowahi kuikanyaga. Nimeona nikuambie hili kabla hujaambiwa na watu wa Machame, maana maneno yao yana mbio kuliko barua zangu.

Sasa pokeeni salamu. Sisi hatujambo, isipokuwa hilo. Goti la Mama linaendeleaje? Dawa niliyomtumia ni ya kupaka. Mwambie tena, maana Dada Anaeli alinidokeza kwamba aliionja. Na wewe kifua chako? Zamu yetu ya maji kwenye mfereji bado ni Jumatano, au wale wa juu wameshaanza tena? Usiwapishe. Huku baridi imefika mahali ambapo ukivuta pumzi unasikia vinyweleo vya puani vinaganda. Nakijwa mjukuu wako yuko darasa la kwanza, anakua, anatusikia Kiswahili chote na kutujibu chote kwa Kiingereza.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwanza, kadi ya dakika ishirini huisha kabla hujamaliza kuniuliza kama nimekula. Pili, ni wewe uliyesema, miaka ile ya kesi ya mfereji, kwamba neno la shauri lisiposhikwa na karatasi huota miguu. Kesi ile uliiendesha miaka tisa. Mara ishirini na sita ulishuka mahakamani kwa miguu, na ulishinda. Kwa hiyo naleta shauri langu kwa maandishi, kwa mtu anayejua shauri ni kitu gani.

Mjukuu wako wa kiume ana wiki sita. Siku aliyozaliwa, nilipopewa nimshike, nilimwita "Baba", na wala sikuona haja ya kumweleza mtu. Mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babu mzaa baba. Hilo halijadiliwi kwetu Usangi, na kwa wakwe zangu Machame pia halijadiliwi. Mke wangu Upendo alilikubali hata kabla tumbo halijaonekana. Mbonea, basi. Jina lilikuwa limekaa, halina mgogoro, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo: niliweka mezani kitu kilichokuwa changu tayari.

Kilichonifikisha hapo ni hesabu. Unaijua kazi yangu ya kusafisha mazulia. Nilianza na mashine moja ya kuazima, sasa nina gari mbili, na sikufika hapo kwa bahati. Nikiingia kwenye nyumba ya mtu, nikitupa jicho moja tu nakwambia zulia lina futi ngapi, litakunywa ndoo ngapi na litakauka saa ngapi. Sikosei. Mtu asiyekosea, Baba, ni mtu wa hatari sana kwake mwenyewe.

Jumanne ya wiki ile baridi ilizidi, wateja wakaahirisha, nikabaki nyumbani. Kwenye televisheni wakawa wanaonyesha ile michezo mikubwa ya dunia ya majira ya baridi, na mmoja wa michezo yenyewe ni huu: mwanamume anafunga miguuni mbao mbili nyembamba, ndefu kuliko yeye, anashika fimbo mbili, anakimbia milimani juu ya theluji akiwa na bunduki mgongoni. Si vita. Kila baada ya mzunguko anaingia uwanjani, anavua bunduki, anapiga shabaha tano. Akipiga kwa kulala, shabaha ni kama yai. Akipiga kwa kusimama, ni kama kisosi. Na ziko mbali kama kutoka mlangoni kwako hadi kwenye bomba la shule. Ni sawa na kupandisha mbio kutoka Mwanga hadi Usangi, na ukifika juu, moyo ukikupasua kifua, unakabidhiwa sindano na uzi, unaambiwa tunga. Ukikosa, unazungushwa kiuwanja cha mita mia na hamsini kama adhabu, kila kosa mzunguko wake, ndipo uachiwe uendelee.

Niliupenda mchezo ule kuliko mpira. Kwenye mpira mtu analala chini, anajipaka uchungu, anapewa penalti. Hapa kila kosa lina kipimo chake. Nilishika saa yangu nikapima: mzunguko mmoja wa adhabu, sekunde ishirini na nne. Nikachukua daftari.

Siku hiyo ya Jumanne waliondoka mmoja mmoja, kila nusu dakika mtu mmoja, kila mtu akihesabiwa saa yake. Aliyetangulia kuvuka mstari hakuwa na maana yoyote. Waliangalia nani ametumia muda mfupi. Nikalielewa hilo vizuri. Nikamweleza Upendo. Nikamweleza na mama mkwe, ambaye yuko nasi tangu Desemba, alikuja kumwogesha mtoto na kumpikia mwanawe mtori. Shika hapo, Baba, kwa sababu hapo ndipo nilipojikwaa: nilidhani mbio zote za bunduki ziko hivyo.

Jumamosi akaja Godlisten. Huyu ni kaka yake Upendo, muuguzi, anakaa Woodbury kwenye nyumba mpya yenye milango mitatu ya gari na gari moja. Kwa ndoa ni shemeji yangu. Kwa kabila, Mchaga na Mpare, ni mtani wangu. Maana yake ana leseni mbili za kunitukana. Alikuwa hajavua hata koti.

"Yuko wapi Ndesario wangu?" akaita. Ndesario ni marehemu baba yao.

"Hapa hakuna Ndesario," nikamwambia. "Kuna Mbonea."

"Shemeji, Nakijwa ni jina la kwenu. Mmeshakula zamu. Sahani sasa iko kwetu."

"Nakijwa ni wa kike, huyu ni wa kiume. Ni hesabu mbili tofauti."

"Haya, nenda mahakamani! Mama, mwone, ameshaanza kutafuta viatu. Kwao mtu anauza ng'ombe apate nauli ya kesi ya kuku, na kuku mwenyewe ni wa jirani!"

Mama mkwe alicheka mpaka mwiko ukamponyoka, ukazama kwenye mtori.

Baba, mzaha huo wa kesi ya kuku nimeusikia kwa miaka saba. Niliusikia harusini kwangu. Nimeusikia kanisani, wakati wa kupeana amani. Nimeusikia Woodbury nje ya duka, mbele ya Wamarekani, na aliwatafsiria. Na kwenye utani ukikasirika unatozwa, kwa hiyo miaka yote saba nimekasirika kimyakimya, nikitabasamu, mpaka taya linauma.

Televisheni ilikuwa imewashwa. Mtangazaji akasema leo wanaume watakimbia mbio za kufukuzana. Neno hilo peke yake lingenitosha, kama ningekuwa nasikiliza badala ya kuhesabu.

"Shemeji," nikasema, "chagua mtu wako katika hawa, nami nichague wangu. Wako akimshinda wangu, mtoto ni Ndesario. Wangu akimshinda wako, kesi ya kuku hutaitaja tena maisha yako yote. Si hapa, si Machame, si mbele ya Wamarekani."

"Na mbuzi," akasema.

"Na mbuzi."

Upendo alikuwa ananyonyesha. Akainua uso. "Nyie watu wazima wawili mnacheza kamari na mtoto wangu?"

Tukamjibu kwa pamoja kwamba ni utani tu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho mimi na Godlisten kukubaliana siku ile.

Yeye akamchukua namba sita. Nikamuuliza kwa nini. Akasema anapenda anavyokimbia, kama mtu anayewahi kufika dukani kwake kabla mfanyakazi hajafungua. Basi, hiyo ndiyo sababu yake. Mimi nikafungua daftari. Jumanne kila mtu alipiga risasi kumi: namba sita alikosa mbili, namba kumi na tisa hakukosa hata moja, ila alianguka akavunja fimbo na kupoteza dakika moja na nusu hivi, ajali isiyorudi mara mbili. Leo risasi ni ishirini. Kwa hiyo namba sita atakosa nne, sawa na sekunde tisini na sita za adhabu. Kumi na tisa ni mzito kidogo wa miguu, sekunde nne kila mzunguko, mizunguko mitano, ishirini. Toa. Nabaki na faida ya sekunde sabini na sita. Nikampa mkono Godlisten nikimwonea huruma.

Wakaondoka. Namba sita akaruhusiwa mapema, wangu akafuata baadaye, sekunde sitini na tatu nyuma yake. Niliona. Niliandika. Nikapuuza, maana kila mtu na saa yake.

Lazima nikuambie kwamba watu wetu hawa hawakuwa wakubwa. Kamera iliwafuata wanaogombea medali, na medali haikutuhusu. Sisi tulikuwa tunatafuta watu wa kumi na ngapi, nyuma ya mabega ya wengine, na namba zilizopita mbiombio pembeni ya kioo. Godlisten alipiga magoti mbele ya televisheni akimsukuma kwa mkono mtu wa kwenye kioo asimzibe namba sita. Nadhani duniani kote siku ile tulikuwa sisi tu tunaowatazama, ukiondoa mama zao.

Kwenye shabaha ya kwanza, sita akakosa moja. Wangu akamaliza tano zote. Pembeni ikaandikwa wangu yuko nyuma yake kwa sekunde arobaini na tatu. Godlisten akapiga makofi: yuko mbele arobaini na tatu! Mimi nikapiga makofi: sitini na tatu kutoa arobaini na tatu, niko mbele ishirini! Sebule yangu ilikuwa na washindi wawili tangu mwanzo, na kila mmoja alimwona mwenzake hana akili timamu.

Ya pili, sita akakosa mbili. Wangu, zote. Wakatoka bega kwa bega. Godlisten akakunja uso. Ya tatu, ya kusimama, sita akakosa moja tena, na wangu zote! Sasa wangu alikuwa mbele kwa macho, si kwa hesabu tu, sekunde ishirini na moja. Godlisten akakaa kwenye zulia, mikono kichwani. Nikamwambia aanze kumtafuta mwenye mbuzi.

Ya nne, ya mwisho. Wangu akafika wa kwanza kati yao, akasimama, akavuta pumzi. Moja, ikaanguka. Mbili. Tatu. Nne. Ya tano akaishika muda mrefu kidogo, Baba, nikaona mtutu unatikisika, akaachia. Kisosi kile kikabaki cheusi: amekosa.

Niliudhika? Hata kidogo. Nilikunja mguu. Nilikuwa na sekunde themanini kibindoni, adhabu inachukua ishirini na nne. Lakini Godlisten aliruka kama aliyemwagiwa uji. Sita akaja, akapiga zote tano, akaondoka wakati wangu bado anazunguka kiuwanja cha adhabu, na shemeji yangu akapiga magoti, mikono juu. Nilidhani anasali sala ya kushindwa. Nilitaka hata kumwekea mkono begani.

Wakafika mwisho. Sita wa tisa. Kumi na tisa wa kumi na moja, sekunde kumi na moja nyuma yake.

Nikaruka, "Hamsini na mbili! Nimeshinda kwa hamsini na mbili!"

Naye akaruka, "Ndesario! Ndesario!"

Tukacheza. Wote wawili, Baba, kwenye zulia moja, kila mtu ngoma yake, nami nikimwimbia kuku na yeye akimwimbia baba yake. Mama mkwe, mwiko mkononi, akauliza, "Sasa nimpigie vigelegele nani?" Nakijwa akaniambia kwa Kiingereza kwamba nimeshindwa. Nikamwambia aende chumbani akafanye hesabu.

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa mzee Arne, jirani wa chini, mwenye miaka themanini, babu yake alitoka Norwe. Kwa miaka minne hajawahi kulalamika juu ya lolote. Akavua kofia, akaomba samahani sana kwa kutusumbua, akasema anauliza tu kama kuna aliyeumia, kwa sababu taa yake ya dari imeanguka. Halafu akaona televisheni nyuma yangu, macho yakamwaka. Naye alikuwa anatazama hizohizo.

Nilimvuta ndani kama shahidi aliyeletwa na Mungu. Nikamketisha. Mama mkwe akampa bakuli la mtori, wa ndizi mbichi nilizozifuata mwenyewe mtaa wa Cedar-Riverside, kwenye maduka ya Wasomali. Nikamuuliza kwa upole, nisimwongoze shahidi: kati ya namba sita na kumi na tisa, nani kashinda?

Akanywa vijiko vitatu kwanza. "Sita," akasema. "Mbio za kufukuzana ziko hivyo. Faida uliyoipata Jumanne unaanza nayo leo, ndiyo maana wanaachiliwa kwa kupishana. Mstari ndio mwisho wa maneno."

"Lakini wa kwangu ametumia muda mfupi kuliko wake?"

"Oh, mfupi sana. Hamsini na mbili nzima. Kijana amekimbia vizuri mno."

"Vizuri kuliko sita?"

"Kuliko sita, tena mbali."

"Kwa hiyo ameshinda."

"Hapana."

"Mzee Arne, aliyekimbia vizuri zaidi ni nani?"

"Kumi na tisa."

"Na aliyeshinda?"

"Sita," akasema, akauliza kama kuna mtori mwingine.

Godlisten alikuwa amelala chini, anacheka bila sauti, miguu inapiga zulia. Taa nyingine ya mzee Arne, sijui kama ilisalimika.

Sasa nisikilize. Nimelifikiria jambo hili nikiendesha gari, nikisukuma mashine, nikiwa kanisani. Namba kumi na tisa hakuiba sekunde ya mtu. Aliachiliwa nyuma, akalenga vizuri kuliko mwenzake, akala sekunde hamsini na mbili kati ya sitini na tatu, na wanaandika ameshindwa. Mimi kuachiliwa nyuma nakujua. Nilishuka kwenye uwanja wa ndege wa huku na viatu vya turubai, mwezi wa Januari. Waliozaliwa hapa walikuwa wameshazunguka mara mbili. Kwa hiyo usinishangae nikikwambia kwamba moyoni sijakubali, na kwamba kama kungekuwa na mahakama ya kukatia rufaa mbio hizi, ningekuwa nimeshashuka.

Nilijaribu njia ya kimila. Nikamkumbusha Godlisten msiba wa Babu, wakati mtani wetu wa Machame aliporukia kaburini akalala humo, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Ulimpa jogoo, akatoka akijipangusa, Babu akazikwa, na hakuna aliyesema kaburi limekuwa la Wachaga. Sheria ya utani ni kwamba kilichonyakuliwa hukombolewa. Nikamwahidi mbuzi mmoja alirudishe jina. Nikampandishia mpaka wawili.

"Jogoo ni wa kaburi," akasema. "Hapa tumeshindana, na hakimu ni Mnorwe. Hao mbuzi nitawala siku ya ubatizo wa Ndesario."

Jumatatu alileta keki yenye jina hilo juu kwa sukari ya bluu. Tangu hapo kila asubuhi anapiga simu: "Ndesario ameamka? Amekunywa maziwa? Msalimie Mpare."

Lipo na jingine, ambalo Godlisten sijamwambia, maana litampa nguvu. Wewe nakuambia kwa sababu shauri linataka ushahidi wote, hata ule unaoniuma mwenyewe. Jana asubuhi nilisahau mpira wa maji wa mashine nikarudi nyumbani kuufuata. Mama mkwe alikuwa jikoni anamwogesha mtoto kwenye beseni. Hakunisikia. "Ndesario," alikuwa anamwambia, "mume wangu, inua mkono nikuoshe. Unajua migomba yako ya juu imeangushwa na upepo? Nimeiinua mwenyewe. Wewe uliondoka tu." Akamweleza habari za ng'ombe, na za ukuta uliobomoka, na nani amemwoa nani. Halafu akacheka, Baba, cheko la msichana. Mzee Ndesario alipofariki, Upendo na Godlisten walikuwa huku, karatasi zao hazijakamilika, wakashindwa kwenda kumzika. Yule mama alimzika bila watoto wake hawa wawili. Nilichukua mpira wangu nikatoka kwa ncha za vidole, na siku nzima nikakosea vipimo vya vyumba viwili.

Lakini nami nina langu. Huu ni mwaka wa tisa sijaona uso wako. Mtoto akiwa Mbonea, kila asubuhi nitaita "Baba" ndani ya nyumba yangu na kuna mtu atageuka. Hilo sikulieleza kwa mtu yeyote siku ya kamari, na labda ningelieleza badala ya kufungua daftari.

Upendo ametuchoka wote. Juzi alituita mezani, mimi na kaka yake, akatusimamisha kama watoto wa shule. "Mwenye jina yuko hai," akasema. "Aulizwe yeye. Baba mkwe akisema jina lake halitoki, mtoto ni Mbonea, na wewe Godlisten hutafungua mdomo. Akisema analiachia, ni Ndesario, na wewe Elihaki hutakata rufaa. Asipojibu, nitamwandika Arne, kwa sababu ndiye mwanamume pekee aliyeingia humu Jumamosi akaomba samahani."

Usidhani anatania. Mchungaji anataka fomu, ubatizo ni Jumapili ya Mitende, na fomu yenyewe imebandikwa kwenye friji, kalamu imening'inizwa kwa uzi. Mzee Arne ameshasikia. Anakuja kila siku kumtazama mtoto, akiomba samahani kwa kusumbua, na jana alileta kofia aliyoifuma mwenyewe.

Nisalimie Mama, na asionje kitu. Msalimie Dada Anaeli na watoto wake wa darasa la nne. Mwambie vitabu nimevituma. Msalimie Shangazi Namkunda aliyenilea nilipougua surua, na Mjomba Kiondo fundi wa mabati, mwambie mapaa ya huku yana mteremko mkali kuliko anaoujua. Mwalimu wa kwaya naye asisahaulike, na yule binamu mdogo anayechunga mbuzi wetu. Tafadhali mtu yeyote asiahidiwe mbuzi mpaka shauri liishe. Mama mkwe anawasalimu sana. Godlisten naye anakusalimu, na amesisitiza niandike "kwa heshima zote", nami nimeandika.

Sasa Baba, nakujua. Utasoma mara mbili, utavua miwani, utasema tuliangalie baada ya mvua. Usiliahirishe. Usinitumie methali, kwa sababu Godlisten ataitafsiri anavyotaka. Usiniulize kilichonipeleka kwenye kamari; hilo ni shauri jingine na nitalijibu nikija. Barua hii itafika kwa wiki tatu, na utabakiwa na wiki tatu za kufikiri, ambazo ni nyingi kuliko alizokupa hakimu yeyote. Swali ni moja tu: jina lako unaliachia au huliachii? Mwambie Dada Anaeli anitumie ujumbe wa neno moja kwa simu yake, NALIACHIA au SILIACHII, lifike kabla ya saa kumi na mbili jioni ya kwenu, Ijumaa inayotangulia Mitende. Neno lolote utakalosema nitaliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Likichelewa hata kwa dakika moja, kalamu anaishika Upendo.

Ni mimi mwanao ninayesubiri,

Elihaki